Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Pande Zote Mbili: Tunaomba Kuona Rejista ya Wanachama

Kwa:
Mwenyekiti na Wakurugenzi mnaokalia ofisi ya kampuni;
Mwenyekiti na Wakurugenzi mnaodai kuchaguliwa katika mkutano wa uwanjani;
Katibu wa Kampuni.

KUH: HAKI YA WANAHISA KUKAGUA REJISTA NA KUMBUKUMBU ZA KAMPUNI

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha zimefika mwisho. Barua tulizopeleka ofisini kwa mkono, tukiomba kuona rejista ya wanachama, zilipigwa muhuri wa kupokelewa na hazikujibiwa. Wakili wetu alipoandika, alijibiwa kwa sentensi moja kwamba suala liko mahakamani. Tulipogeukia upande wa pili, tuliambiwa kwa simu kwamba vitabu vyote viko kwa wapinzani wao; na wapinzani wao, tulipowauliza, walisema baadhi ya vitabu viliondoka ofisini usiku ule kufuli zilipobadilishwa. Katika majibu yote hayo, hakuna lililotaja mahali rejista ya wanachama ilipo wala siku inayoweza kuonekana.

Hatutaji jina la kampuni wala la mkurugenzi yeyote. Wanaohusika wanajijua, na hoja zetu hazihitaji jina la mtu ili zieleweke.

Kwa manufaa ya wasomaji wasiotujua, sisi ni wanahisa, pamoja na warithi wa wanahisa, wa mojawapo ya kampuni za ununuzi wa ardhi zilizoundwa katika Bonde la Ufa la Kenya baada ya Uhuru, wakati walowezi walipokuwa wakiuza mashamba yao na hakukuwa na mwananchi wa kawaida aliyeweza kulinunua shamba zima peke yake. Wazazi wetu walichanga. Wengine walikuwa vibarua katika mashamba yaleyale, wengine wachuuzi wa sokoni, wengine makarani wa serikali. Kila aliyelipa alipewa risiti, kisha cheti cha hisa, na baadaye nambari ya baloti iliyoonyesha kipande ambacho angepata. Katika miaka ya 1980 Rais Moi aliagiza kampuni za aina hii zigawe ardhi, ziwapatie wanachama hati zao na zivunjwe. Yetu, kama nyingine kadhaa, haikuimaliza kazi hiyo. Sehemu ya shamba imegawanywa na kutolewa hati. Sehemu nyingine ingali chini ya hati mama, yaani hati moja ya eneo lote yenye jina la kampuni, na hiyo ndiyo sehemu ambayo uongozi wake mnaupigania.

Katika kampuni ya saruji au katika benki, rejista ya wanachama humwambia mtu atapata gawio kiasi gani. Katika kampuni kama yetu humwambia kama ana mahali pa kuishi na pa kuzikwa. Mwanachama ambaye hajapata hati hana ushahidi mwingine wenye nguvu kuliko jina lake ndani ya kitabu hicho. Cheti cha karatasi kinaweza kuoza, kuibwa au kuigwa, na risiti za miaka hiyo wino wake umefifia. Ndiyo maana jambo la kwanza anayetaka kumwondoa mjane shambani humwambia ni kwamba jina la mumewe halimo kwenye rejista, akijua vyema kwamba mjane huyo hataruhusiwa kuifungua.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Rejista ya wanachama imefungwa, na mgogoro wenu hauwezi kuisha ikiwa imefungwa.

Kila upande unasema kwamba ndio uongozi halali. Upande mmoja unaonyesha CR12, karatasi ya Msajili wa Kampuni inayoorodhesha wakurugenzi, yenye majina yake; baada ya muda upande wa pili unawasilisha mabadiliko ya wakurugenzi kwa Msajili huyo kupitia mtandao wa serikali, nayo CR12 inabadilika; kisha pingamizi linaletwa na majina ya awali yanarudi. Karatasi hiyo inaeleza tu kile ambacho Msajili ameambiwa. Haiwezi kuthibitisha kwamba watu waliopiga kura katika mkutano ule wa hotelini, au katika ule wa uwanjani, walikuwa wanachama. Wakurugenzi wa kampuni yetu huchaguliwa na wanachama katika mkutano mkuu, na mwanachama, kwa mujibu wa sheria, ni mtu aliyekubali kuwa mwanachama na ambaye jina lake limeingizwa katika rejista. Basi swali la nani mkurugenzi haliwezi kujibiwa kabla ya lile la nani mwanachama, na jibu la hilo la pili mmelifungia kabatini.

Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya kampuni, Sura ya 486, haikuiacha haki hii kwa hiari ya mkurugenzi. Rejista na faharasa ya majina lazima viwe wazi kukaguliwa. Mwanachama hukagua bila malipo. Hata mtu asiye mwanachama anaruhusiwa kukagua akilipa ada iliyowekwa, na wote wawili wanaweza kuomba nakala. Anayekataa bila sababu ya kisheria anatenda kosa, na kosa hilo humwangukia ofisa aliyelitenda pamoja na kampuni, na mahakama inaweza kuamuru ukaguzi ufanyike mara moja. Haki hii si ngeni. Ilikuwamo katika sheria ya zamani waliyoikuta wazazi wetu, nayo ilitokana na sheria ya Kiingereza. Kilicho kigeni ni mazoea ya ofisi yetu ya kumchukulia anayeomba rejista kama mtu aliyekuja kuvunja nyumba.

2. Vyeti vipya vinaendelea kutolewa wakati mgogoro haujaamuliwa.

Tumeona vyeti vya hisa vyenye tarehe za hivi karibuni mikononi mwa watu ambao wazee wa shamba hawawajui, na baadhi ya watu hao walipanga foleni ya kupiga kura wakati wanachama wenye vyeti vya miaka ya 1970 wakiambiwa kwamba majina yao hayakupatikana. Inawezekana kwamba kila kimoja cha vyeti hivyo kilitokana na uhamisho halali wa hisa, uliojazwa fomu, ukalipiwa ushuru na kuidhinishwa na bodi. Kama ni hivyo, rejista itaonyesha hisa zilitoka kwa nani, lini, na kwenda kwa nani, nasi tutakuwa wa kwanza kukaa kimya. Kama si hivyo, basi kuna mtu anayejitengenezea wapiga kura kwa kalamu, na ardhi ambayo wapiga kura hao watadai kesho itakatwa kutoka kwa mtu ambaye leo bado anaishi juu yake. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na katika shamba hili kisu ni kile kitabu.

3. Kumbukumbu za mikutano mikuu hazionekani.

Viwanja vilivyotengwa katika ramani ya kwanza kwa ajili ya shule, zahanati na soko vimezungushiwa ua na watu binafsi. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba mkutano mkuu uliidhinisha. Mkutano upi? Mwanachama ana haki ya kusoma kumbukumbu za mikutano mikuu ya kampuni yake. Ni maneno yaliyosemwa mbele yake, au yaliyopaswa kusemwa mbele yake. Tunajua tofauti iliyopo kati ya kumbukumbu hizo na zile za vikao vya bodi, ambazo mwanachama wa kawaida hana haki ya kuzidai kwa kuwa mwanachama tu, na hatuziombi. Tunaomba ukurasa ambao azimio hilo linadaiwa kuandikwa.

4. Hesabu zilizokaguliwa hazijasambazwa.

Kampuni ya umma kama yetu inapaswa kuwapa wanachama wake taarifa za fedha za kila mwaka na kuitisha mkutano mkuu wa kila mwaka. Hatuulizi daftari la kila siku la mhasibu. Tunauliza taarifa ambazo sheria inasema zilipaswa kutufikia bila kuombwa, na ndani yake tungependa kuona kodi ya sehemu iliyokodishwa kwa wakulima wa ngano imeandikwa wapi, na mawakili wa pande zote mbili wanalipwa na nani. Kama wote wanalipwa kutoka mfuko wa kampuni, basi wanahisa wanagharimia kesi ambayo ndani yake hawaruhusiwi hata kuthibitisha kwamba wao ni wanahisa.

5. Ada zisizo na risiti.

Baadhi yetu wameambiwa walipe fedha za upekuzi kabla ya jina kutafutwa, na walipolipa hawakupewa risiti ya kampuni. Jambo hili ni dogo kwa kiasi, na hatutalirefusha.

Tunajua mtakayojibu, kwa sababu tumeyasikia yote kwa mdomo. Tunayajibu hapa ili wakati usipotee tena.

Mtasema kwamba suala liko mahakamani. Ni kweli kuna kesi, na tumesoma amri ya muda iliyotolewa: inazuia kuuzwa na kuhamishwa kwa ardhi hadi kesi isikilizwe. Hakuna mstari ndani yake unaofunga rejista au kusimamisha haki ya mwanachama. Kesi inayoendelea haifuti sheria. Inayoweza kuwazuia ni amri ya hakimu au jaji, na kama mnayo amri ya namna hiyo, itoeni. Tena, wanahisa walio wengi si washitaki wala washitakiwa katika kesi hiyo. Kuwaambia wasubiri hukumu ya kesi ambayo si yao, kati ya makundi mawili ambayo hawajui ni lipi walilolichagua, ni kuwaambia wasubiri bila kikomo.

Mtasema kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawakataza kutoa taarifa za watu. Sheria hiyohiyo inaruhusu taarifa kushughulikiwa pale ambapo anayezishika ana wajibu wa kisheria kufanya hivyo, na kuweka rejista wazi ni wajibu wa kisheria. Hatuhitaji nambari za simu wala za vitambulisho, zifunikeni. Tunachohitaji ni jina, anwani ya posta iliyomo, idadi ya hisa, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Ni ajabu kwamba faragha ya wanachama inakumbukwa tu wanapokuja wanachama wenyewe.

Mtasema kwamba baadhi ya vitabu vimepotea, vimeliwa na mchwa, au vimechukuliwa na upande mwingine. Huenda. Lakini kampuni iliyopotelewa na rejista yake hutoa taarifa polisi na kupata nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, humwandikia Msajili, na huwaeleza wanachama wake ni kitabu gani kimepotea na kilikuwa kwa nani. Hatujaona hata kimoja cha vitendo hivyo. Na hata kama kila kitabu kimeteketea, rejista inaweza kujengwa upya: ripoti za kila mwaka zilizowasilishwa kwa Msajili chini ya sheria ya zamani ziliambatanishwa na orodha ya wanachama, na vyeti na risiti zilizo majumbani mwetu zinaweza kulinganishwa na orodha hizo pamoja na orodha ya baloti iliyoko kwa mpima ardhi. Kazi hiyo itachukua miezi. Haiwezi kuanza mpaka mtu akubali kwa maandishi kwamba kitabu hakipo.

Mtasema kwamba wengi wetu si wanachama bali ni watoto wa wanachama waliofariki. Wale miongoni mwetu waliopewa barua za usimamizi wa mirathi chini ya Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, wanasimama mahali pa marehemu katika kukusanya na kulinda mali yake, na hisa ni mali. Wale ambao bado wako katika hatua ya mwanzo, ya barua ya chifu ya kuwatambua warithi, hawawezi kukamilisha orodha ya mali ya marehemu bila kujua ana hisa ngapi, na hilo haliwezi kujulikana bila rejista. Kwa hiyo mnawataka walete hati ya mirathi ili waone kitabu, wakati mahakama inataka kilicho kitabuni ili itoe hati ya mirathi. Hata hivyo hoja hii inaanguka yenyewe, kwa kuwa, kama tulivyosema, sheria inamruhusu hata asiye mwanachama kuikagua rejista akilipa ada.

Liko jibu moja ambalo tunaliheshimu, nalo linahusu mabroka wa ardhi. Mzee kutoka mojawapo ya pande zenu alituambia kwamba rejista ikianikwa, walaghai watatafuta majina ya waliokufa bila warithi wa karibu, au ya wale waliohamia mbali wasirudi, watengeneze vitambulisho na hati za kiapo, kisha wauze ploti zao kabla jamaa zao hawajajua. Hofu hiyo si ya kubuni. Kila mtu anayeishi katika mashamba haya anajua familia iliyorudi kutoka mjini ikakuta msingi wa nyumba ya mtu mwingine umechimbwa. Lakini tuuangalie wizi huo ulivyofanyika hadi sasa. Anayetaka kuuza ploti ya marehemu lazima ajue mambo matatu: kwamba marehemu alikuwa na hisa, kwamba hati yake haijatoka, na kwamba hakuna aliyekuja kuulizia. Mambo hayo hayapatikani sokoni. Yanapatikana ndani ya rejista na katika faili za ofisi, na katika muda wote ambao wizi huo umefanyika rejista haikuwa wazi kwa umma hata siku moja. Usiri haukuwalinda marehemu. Uliwanyima watoto wao nafasi ya kugundua mapema. Jina likionekana na watu mia wanaofahamiana, wa kijiji kimoja, waliozikana, ni vigumu zaidi kwa mgeni kulivaa kuliko linapoonekana na karani mmoja.

Juu ya hayo, sheria imekwisha kulifikiria suala la nia mbaya. Inamtaka anayeomba aeleze jina lake, anwani yake na matumizi anayokusudia, na kampuni inayoona kwamba kusudi hilo si halali inaweza kwenda mahakamani kuomba isilazimishwe kutii. Mlango wa kumkataa mtu upo, ila unapitia kwa jaji, ambako sababu hutolewa kwa kiapo. Kukaa kimya hakumo katika sheria hiyo. Sisi tuko tayari kutia sahihi ahadi kwamba nakala tutakazopewa zitatumika kuhakiki uanachama na kuitisha mkutano, na kwamba hazitauzwa wala kusambazwa.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa pande zote mbili, kwa kuwa hatujui, na bila rejista hatuwezi kujua, ni nani kati yenu mwenye mamlaka ya kutujibu.

Kwanza, ndani ya siku 21 tangu barua hii itoke, kila upande utoe maandishi yenye sahihi yanayoeleza rejista ya wanachama, vitabu vya kumbukumbu za mikutano mikuu na vitabu vya nakala za vyeti viko wapi na mikononi mwa nani. Hata jibu la kwamba "hatuna" litatusaidia, mradi limetiwa sahihi.

Pili, itangazwe siku na mahali pa ukaguzi, katika ofisi ya kampuni au ya Katibu wa Kampuni, wakiwepo wawakilishi wa wanahisa, mawakili wa pande zote mbili na mtu kutoka ofisi ya Msajili kama atakubali kuja. Kila ukurasa upigwe picha, zifunikwe nambari za vitambulisho, na nakala iliyothibitishwa iwekwe kwa Msajili, ili mtu akibadilisha kufuli tena kitabu kisipotee naye.

Tatu, kusitishwe utoaji wa vyeti vipya na uingizaji wa majina mapya tangu leo, isipokuwa kwa amri ya mahakama. Ombi hili haliondoi haki ya aliyenunua kihalali. Linaichelewesha tu hadi aweze kuionyesha mbele ya wote.

Nne, baada ya rejista kuhakikiwa, uitishwe mkutano mkuu mmoja, kwa rejista moja, na kila mpiga kura aje na cheti au hati ya mirathi pamoja na kitambulisho. Tutamkubali atakayeshinda, hata akiwa ni yule ambaye wengi wetu hatumpendi.

Mawakili wenu watawakumbusha kanuni ya kesi ya Foss na Harbottle ya mwaka 1843, kwamba mahakama haipendi kuingilia mambo ya ndani ya kampuni ambayo walio wengi wanaweza kuyaamua wenyewe katika mkutano mkuu. Hatuna ugomvi na kanuni hiyo. Lakini walio wengi hawawezi kuamua lolote pale ambapo hawajulikani ni akina nani, na waliowafanya wasijulikane ndio haohao wanaojikinga kwa kanuni hiyo. Isitoshe, sheria ya 2015 imeweka njia za wazi: kifungu cha 780 kinamruhusu mwanachama kwenda mahakamani pale mambo ya kampuni yanapoendeshwa kwa namna inayomkandamiza au kumdhuru isivyo haki, na kuanzia kifungu cha 238 mwanachama anaweza kuomba ruhusa ya kuendesha kesi kwa niaba ya kampuni dhidi ya wakurugenzi wake.

Siku 21 zikipita bila jibu la maandishi, tutaiomba Mahakama Kuu iamuru ukaguzi wa mara moja, na tutawasilisha malalamiko chini ya kifungu hicho cha 780. Tutaomba pia kwamba gharama za kesi zilipwe na wakurugenzi wenyewe kutoka mifukoni mwao, maana kampuni ikiamriwa kutulipa, tutakuwa tumejilipa sisi wenyewe.

Wenu kwa heshima,

Wanahisa na wasimamizi wa mirathi ya wanahisa
(majina, nambari za vyeti na sahihi zimo katika nakala iliyofikishwa kwa Katibu wa Kampuni)

Nakala kwa: Msajili wa Kampuni, mawakili wa pande zote mbili.